Kitanda na Chai ya Asubuhi

Shufaa binti Mselem hakuwa mwanamke wa kulala gesti. Hilo alilisema Jumatatu asubuhi alipofungua duka lake la mapazia, akalirudia saa sita akiwa amebana pini mdomoni, na jioni alipokuwa akiteremsha shata la mlango pale Mtaa wa Jules, Malvern, Joberg, alilisema tena kwa sauti ya kutosha kuvuka barabara. Fundi magari wa ng'ambo hakujua Kiswahili hata neno moja. Alimpungia mkono, akaendelea na kazi yake.

"Gesti! Mimi! Kwa umri huu!"

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Mwanawe wa pekee, Yasmin, alikuwa na mimba ya miezi sita huko Ayalandi, alikofuatana na mumewe Suhaib, kijana wa Unguja aliyepata kazi kwenye kiwanda cha samaki. Walikaa kijiji kidogo cha pwani ambacho jina lake lina herufi kumi na moja, na nusu yake hazitamkwi. Shufaa alilijaribu mara mbili, akaona kwamba watu wanaoandika herufi kisha wakakataa kuzisoma hawana haki ya kumsumbua mtu mzima, akawa anakiita Kule. Sasa, kwao Tanga mimba ya kwanza huzaliwa kwa mama. Mama ndiye anayemkanda mzazi, ndiye anayemwogesha mtoto, ndiye anayemkalia mwanawe siku zote arobaini. Yasmin hawezi kuja, makaratasi yake hayajatimia. Basi mama ataenda. Miadi ya viza ilikuwa Alhamisi saa tatu asubuhi, na ofisi ilitaka barua ya kuonyesha mgeni atalala wapi. Bila barua hakuna viza, na bila viza mjukuu wa kwanza wa Shufaa ataogeshwa na nesi aliyevaa glavu.

Na hapo ndipo Yasmin, mtoto aliyelelewa akaleleka, alipomwambia mama yake atafute pa kupanga. Nyumba yetu ndogo, Mama. Chumba kimoja, na mwenye nyumba hataki wageni wa kulala. Akamtumia kwenye simu nyumba tatu za wageni za hapo kijijini achague, na ya tatu akaichorea kopa jekundu pembeni: hii ndiyo nzuri zaidi.

Mtoto wa kumzaa mwenyewe! Anamchorea kopa!

Jumanne alimwita Jeannine, msusi wa saluni iliyopakana ukuta na duka lake, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mtu wa kanisa, mpole, na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha Shufaa. Jeannine alikuja na kitana mkononi, mteja wake akabaki chini ya mashine ya kukausha nywele.

"Nisomee hayo maajabu, shoga," alisema Shufaa akimpa simu. "Na usinipambie. Soma kama yalivyo."

"Hapa wameandika ni nyumba ya kitanda na chai ya asubuhi," alisema Jeannine.

"Nyumba ya nini?"

"Kitanda na chai ya asubuhi. Njo jina wanaziita."

Shufaa aliweka mkasi chini. "Kwani kuna wanaolaza watu sakafuni wakawanyima chai? Tanga hata mtu mliyegombana naye akilala kwako, asubuhi anakunywa chai na mandazi juu. Hawa wanamwaga chai kikombe kimoja, wanaitangaza dunia nzima. Haya, endelea."

Ya kwanza ilikuwa nyumba ya rangi ya buluu, na juu ya kitanda, katikati ya mito, alijilaza mbwa mwenye manyoya usoni. Si kwamba alipita tu. Alipigwa picha makusudi, na chini yake jina lake limeandikwa.

"Mbwa ana jina, mwenye nyumba hana," alisema Shufaa. "Toa."

Ya pili ilikuwa na vioo mbele nzima, na nje ya vioo bahari ya rangi ya maji ya deki. Hilo Shufaa angeweza kulivumilia. Lakini walipiga picha sahani ya hiyo chai ya asubuhi wanayojivunia, na kwenye sahani mlikuwa na mayai, na soseji, na vipande vya mviringo, vyeusi tii.

"Na haya magurudumu?"

Jeannine aliikuza picha, akaguna. "Aa, hii naijua. Boudin. Iko damu ya nguruwe, Mama Yasmin. Wanaitia mu utumbo, wanaipika."

"Damu?"

"Damu."

"Asubuhi? Kabla mtu hajapiga mswaki?" Shufaa aliisukuma ile simu kwa vidole viwili. "Toa, toa, toa. Astaghfirullah. Mtoto wangu anazalia nchi gani hii, jamani?"

Ikabaki ile ya kopa. Nyumba nyeupe ya kizamani, mlango mwekundu, ngazi mbili za mawe. Chumba kisafi. Kitanda kimetandikwa foronya za maua, shuka limenyooka hata mkunjo huoni, na Shufaa, aliyekula ujana wake kwenye cherehani na pasi, alijua kazi ya mtu anayejua kazi. Mwenye nyumba alikuwa bibi kizee mmoja mwenye sweta, amesimama mlangoni anacheka. Shufaa aliitazama picha ile kwa muda mrefu akitafuta kasoro, akaikosa, na hapo ndipo alipokasirika kwelikweli.

"Nzuri hivi, mbona ina nafasi?" alisema. "Na mbona Yasmin anaipigia debe? Hapana. Hii ndiyo gesti yenyewe."

"Lakini guest house iko mubaya wapi?" aliuliza Jeannine. "Kwetu Bukavu guest house njo ya masista. Wanakupa uji, munasali, saa tatu wanazima taa."

Sasa ona watu hawa wawili. Wanakaa ukuta mmoja mwaka wa tisa, wanagawana umeme na pilipili, wanasema Kiswahili kimoja kutwa nzima, na neno moja linawatenga kama mbingu na ardhi. Kwa Jeannine gesti ni rozari na uji wa ulezi. Kwa Shufaa ni ile nyumba ya nyuma ya stendi ya mabasi, Tanga, yenye mapazia mazito mchana kweupe, ambako wanaume wenye vyeo walikuwa wanaingia saa saba na kutoka saa tisa, na wanawake wakitoka mlango wa uani wamejifunika kanga mpaka macho. Vyumba kwa saa. Shuka moja kutwa. Shufaa aliijua nyumba ile, na alikuwa na sababu zake za kuijua, ambazo marehemu mumewe alikwenda nazo kaburini.

"Masista!" alisema Shufaa. "Shoga, wewe ulizaliwa jana? Hebu muandikie huyo bibi. Nitakwambia, wewe tia Kiingereza."

"Tumuandikie nini?"

"Kwanza ajue anasema na nani. Mwambie mimi ni mama yake Yasmin, mke wa Suhaib wa kiwanda cha samaki, watu wa heshima, huko Kule kudogo lazima wanajulikana. Umeandika? Haya. Muulize anapangisha kwa saa au kwa usiku."

Vidole vya Jeannine vilisimama. "Eish, Mama Yasmin."

"Andika. Muulize mashuka anabadilisha lini. Muulize nguruwe anapikwa kwenye sufuria zipi. Na muulize mwanamume na mwanamke wakija kutaka chumba, anadai cheti cha ndoa au anapokea tu ilimradi mtu kaja."

"Mimi niko mukristo. Siwezi kumuandikia muzee wa watu maneno ya hivi. Huyu mama anacheka vizuri, umuangalie."

"Wote wanacheka vizuri mlangoni! Andika, dhambi ni yangu."

Jeannine aliandika. Alipunguza makali hapa na pale, lakini maswali manne yalibaki manne, na akayatuma huku midomo yake ikinong'ona kitu ambacho huenda kilikuwa sala. Kisha akakimbilia kwa mteja wake, ambaye tayari alikuwa anaita kwamba masikio yanaungua.

Shufaa hakutosheka. Barua ilikuwa ya bibi. Ya Yasmin ilikuwa bado. Alichukua simu, akabonyeza pale pa kurekodi sauti, akajiweka sawa kitini kama anayepigwa picha.

"Yasmin mwanangu, nimeziona gesti zako. Sasa nisikilize, na mumeo akitaka asikilize pia. Mwanamke anayelala gesti ni mmoja kati ya wawili: ama hana haya, ama hana kwao. Mimi haya ninayo, na kwetu ninako, na nina mtoto mwenye mume na nyumba yake. Kwa nini nikalale kwa watu kama nimefukuzwa? Hebu kaa na mumeo mfikiri vizuri. Alhamisi ndiyo hiyo inakuja."

Alama mbili zikageuka buluu papo hapo. Yasmin alikuwa ameisikia. Shufaa alisubiri jibu mpaka akafunga duka, halikuja, akajiambia kwamba neno limeingia.

Jumatano asubuhi jibu lililokuja lilikuwa la bibi kizee. Shufaa aligonga ukuta kwa ufunguo, na Jeannine akaja safari hii bila kitana, maana na yeye alitaka kujua.

"Anasema: Mama mpendwa wa Yasmin, nimefurahi sana kupata barua yako. Yasmin anakutaja kila siku."

"Anaanza kunilainisha," alisema Shufaa.

"Anasema: Mambo ya saa, usisumbuke kabisa. Ufike saa yoyote unayotaka, hata alfajiri. Nitakuwa macho nikufungulie mwenyewe."

"Sikumuuliza hilo! Nimeuliza anapangisha kwa saa?"

Jeannine alikuwa ameshaanza kucheka, kiganja mdomoni. "Hajaelewa, Mama Yasmin. Anafikiri unauliza saa ya kufika."

"Anajifanya. Hao ndio wabaya. Endelea."

"Mambo ya mashuka: yanabadilishwa kila mgeni akiondoka. Na tangu Yasmin ashike pasi, hapa nyumbani mashuka hayajawahi kunyooka hivi."

Shufaa alisimama. "Ashike nini?"

"Pasi."

"Aha! Nilijua! Ndiyo maana ya kopa! Mwanangu, mtoto niliyemsomesha chuo hapo Braamfontein mpaka akavaa joho, anapigia watu pasi gestini? Na Suhaib anajua? Mwanamume gani anamwacha mke mwenye mimba apige pasi za watu? Nitamwambia. Wallahi nitamwambia mbele ya mama yake. Soma!"

Jeannine hakuwa anacheka tena. Alikuwa ametangulia kwa macho, na macho yake yalikuwa yamefika mahali ambapo hakutaka mdomo ufike.

"Soma, shoga."

"Anasema... mambo ya nguruwe. Anasema: Tangu mwezi wa sita sikaangi tena nyama hiyo. Harufu inamtapisha Yasmin, kwa sababu chumba chake kiko juu ya jiko."

"Chumba chake kiko wapi?"

"Juu ya jiko. Pale kwa huyu bibi. Tuache hapa, Mama Yasmin, umupigie mutoto."

"Nimesema soma."

Basi Jeannine akasoma, polepole, anatafsiri neno kwa neno huku akitazama sakafu.

"Mambo ya cheti cha ndoa: usiwe na wasiwasi hata kidogo. Yasmin alinieleza yote siku ile ya mwezi wa tano alipokuja na begi lake, baada ya yule kijana kuondoka. Sikumuomba karatasi wakati ule, na sitamuomba. Ni mtoto mzuri. Kitanda cha pili kiko chumbani kwake. Niambie tu, utapenda kulala naye, au nikutayarishie chumba cha mbele chenye dirisha la baharini?"

Nje teksi zilikuwa zinapiga honi kwenye robot, zile taa za barabarani. Shufaa alikaa. Hakuangalia alipokaa, akakalia kitambaa cha mteja na pini zake.

"Mwongo," alisema. Lakini alilisema bila nguvu.

Alipiga simu. Ikaita ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Ya tatu Yasmin akapokea, na hakuanza na shikamoo. Na kingine: alisema Kiswahili. Yasmin alizaliwa hapahapa Joberg. Kiswahili alikuwa anakisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, miaka yote, mpaka Shufaa alishachoka kumgombeza. Siku hiyo alikisema, kwa shida, akilitafuta kila neno.

"Barua yako nimesoma," alisema. "Huyu bibi alinipa. Alitaka nimueleze 'kwa saa' ni nini."

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia Kiingereza yako ni mbaya."

Shufaa alifumba macho. "Suhaib yuko wapi?"

"Sijui. Dublin. Ana mtu huko."

"Huyo mwanaharamu! Huyo asiye na asili, huyo..."

"Mama."

"Miezi minne! Miezi minne unanificha, mimi mama yako! Naambiwa na bibi wa watu, kwa barua, mbele ya majirani! Kwa nini hukunipigia?"

Nyuma ya Yasmin walisikika ndege wa baharini wakigombana.

"Nilikupigia," alisema Yasmin. "Mwezi wa tano. Ni mimi nilipiga, Mama. Nilitaka kukwambia siku ile. Wewe ukanipa habari ya Masika."

Shufaa aliikumbuka simu ile. Afadhali asingeikumbuka. Masika, binti wa jirani yao wa zamani, alikuwa amerudi juzi yake kutoka kwa mumewe Durban, na mabegi mawili, na Shufaa aliona kwa macho yake mabegi yakishushwa. Simu ya Yasmin ilimkuta na kisa mdomoni bado cha moto. Alimsimulia chote. Alimwigiza Masika anavyotembea, alimwigiza mama yake anavyomfungulia geti akiangalia majirani, alisema mwanamke aliyerudishwa ni mzigo uliorudishwa, hata duka halipokei. Alicheka mpaka akatokwa na machozi. Dakika arobaini. Yasmin alikuwa anasema "eeh, Mama" na "haya, Mama", na mwishoni akasema chaji inaisha.

"Yasmin," alisema Shufaa.

"Na jana umenitumia sauti. Mwanamke wa gesti hana haya au hana kwao. Niliisikia hapa, kwenye kitanda changu."

"Mimi sikujua, mwanangu. Ningejua ningesema hivyo?"

"Ungesema kwa mtu mwingine."

Jeannine, aliyekuwa anayasikia yote maana simu ya Shufaa ina sauti ya redio, aligeukia ukuta akaanza kukunja mapazia yaliyokwisha kukunjwa.

"Basi," alisema Shufaa. "Basi hayo tutayasema nikifika. Mwambie bibi aandike barua leo hii, miadi kesho saa tatu. Chumba chochote. Nitalala hapo hapo na wewe, nitalala hata sakafuni."

"Chumba ipo," alisema Yasmin. "Bibi amekubali tangu zamani. Ataandika saa hii, hana shida. Ni mimi sijakubali."

Ee bwana. Shufaa alikuwa na majibu. Alikuwa nayo saba, manane, yamejipanga mlangoni. Kwamba mimba aliibeba nani. Kwamba nani alishona mapazia mpaka macho yakaingia ukungu ili mtu avae joho. Kwamba mtoto wa kwanza haogeshwi na mgeni, na kwamba anayemkataa mama ataona. Alifungua mdomo. Akauona uso wa Jeannine, aliyekuwa amegeuka na kuacha mapazia, na kwenye uso ule hapakuwa na lawama wala nini. Palikuwa na hofu, kama mtu anayemtazama mtoto kasimama ukingoni mwa barabara. Shufaa akafunga mdomo.

"Mama? Uko?"

"Nipo."

"Unafanya nini?"

"Nanyamaza," alisema Shufaa, na sauti yake ikapasuka katikati. "Ndivyo nnavyonyamaza. Sijui kama ninafanya sawa."

Yasmin alitoa sauti, na Shufaa hakuweza kujua kama ni kicheko au kilio. Kwa mbali bibi kizee aliuliza kitu, Yasmin akamjibu kwa Kiingereza, neno moja tu, kisha akarudi kwenye simu.

"Nitafikiri," alisema, akakata.

Siku ile ilikuwa ndefu. Mteja alikuja kuchagua pazia la zambarau na shela ya njano, lile jepesi la ndani, vitu vya kutia mtu kichefuchefu, na Shufaa akampimia bila kusema neno, mpaka mteja mwenyewe akauliza kama kuna msiba. Saa nane akaswali. Saa tisa akapiga ukuta akamuuliza Jeannine kama mtandao upo, Jeannine akasema upo. Akarudi akakaa.

Saa kumi na dakika ishirini barua ikaingia. Jeannine akaisoma kwa sauti, kwa Kiingereza kwanza, kisha akatafsiri: kwamba Bi Shufaa Mselem amekaribishwa, kwamba atalala chumba kimoja na binti yake, kitanda cha pili, na kwamba atakaa usiku kumi.

"Soma tena hapo."

"Usiku kumi."

"Arobaini. Amekosea. Mpigie umwambie ni arobaini."

"Hajakosea," alisema Jeannine taratibu. "Chini Yasmin ameongeza kwa mukono wake. Kwa Kiswahili." Akamgeuzia simu ajisomee mwenyewe.

Maandishi yalikuwa ya kitoto, ya mtu asiyezoea kuiandika lugha hiyo: Arobaini ni mengi Mama. Kuja kumi. Ukiweza kumi, tutaongeza.

Damu ilimpanda Shufaa mpaka masikioni. Kumi! Mama anawekwa kwenye majaribio, kama fundi aliyeletwa duka jipya! Alitaka kusema kitu, na Jeannine alimwona anataka kukisema. Lakini akasimama, akachukua mkoba wake, akamwomba Jeannine amwangalizie duka, akaenda kuichapisha barua kabla duka la mtandao halijafungwa.